Bukari Ndani ya Radiateur

Lubumbashi, 3 Agosti 2024

Bilkisi,

Barua hii anakuletea Merdi, yule dereva wa minibasi. Nisalimie Mama. Wewe sina salamu zako, nina kazi, na nimeiandika kwenye karatasi kwa sababu namba yako niliifunga siku ya matanga na sijaona sababu ya kuifungua.

Peugeot 404 ya Baba itatoka hapo uani. Miaka mitatu imekaa chini ya turubai, kuku wanataga chini yake, na wewe unapita kando yake kila asubuhi kwenda soko la Manika kama mtu asiyejua ni nani aliyeifikisha hapo. Nimepata mnunuzi, Monsieur mmoja anayekusanya magari ya zamani. Ana sharti moja: ifike Lubumbashi kwa magurudumu yake yenyewe, bila kuchemka. Atangoja mpaka mwisho wa Oktoba.

Kazi ataifanya Tata François Mushiya wa Dilala. Alitengeneza magari ya kampuni miaka thelathini na hajawahi kuua mtu. Kazi yako ni kufungua geti asubuhi na kulifunga jioni. Usishike spana hata ya kumpokeza.

Nakukumbusha, maana una kipaji cha kusahau yasiyokupendeza. Oktoba 2021, siku ya Jumanne, ulibadilisha pampu ya maji na mipira yake yote. Ijumaa nilimpakia Baba, moyo umemchoka, nimlete kwa daktari huku. Alikataa gari lolote lingine. Alitaka lile lililotengenezwa na binti yake. Tulipopita Fungurume motere ikachemka, ikafa. Tulikaa saa tano kando ya barabara, na katika saa ya nne Baba akakata roho ameegemea bega langu. Hiyo ndiyo kazi ya fundi wa sketi. Nilieleza jamaa yote matangani na hakuna aliyebisha, hata wewe.

Geti tu, Bilkisi. Kufungua na kufunga.

Kaka yako,
Mansour


Kolwezi, Manika, 9/8/2024

Yaya Mansour,

Mama anakusalimia. Anauliza kama bibi yako Myriam angali anakupikia, juu barua yako inasikika kama ya mutu mwenye njaa.

Nilienda Dilala kwa Tata François. Macho yake yamekufa. Anaona mwangaza wa mulango na kivuli ya mutu, basi. Hii motere anaijua kuliko weye unavyojua sura ya bibi yako, lakini bulo moja ya kukaza hawezi kuiona. Nilimusomea barua yako yote, mpaka pale pa sketi. Alicheka, akasema, "Mi niko na kichwa, Bilkisi iko na mikono. Tukiwekwa pamoja tunatoka fundi moja." Basi nimeshika spana. Kama inakuuma, panda basi ya Merdi, uje ufungue geti weye mwenyewe.

Siku ya kwanza hatukuwasha kitu. Tata François anasema motere iliyochemka haiwashwi, inafunguliwa. Lakini mbele ya kufungua, alitaka kujua radiateur inasema nini. Nilichemsha mayi ku jiko ya Mama, nikaimwaga ndani. Akapitisha kiganja mbele yake pole pole, vile unapima mutoto homa. Kushoto moto. Kuume moto. Katikati baridi kama jiwe.

"Hapa mayi haipiti," akasema. "Na si leo ilianza kutopita."

Sasa sikia. Ile Jumanne niliosha ile radiateur mpaka mayi ikatoka safi. Niliwasha motere, ikaunguruma saa muzima, Baba amekaa ku kiti yake anaangalia mushale wa joto. Haikupanda. Matangani sikubisha juu nilikuwa nimemupoteza baba, na nilifikiri labda kweli kuna kitu nilisahau kukaza. Miaka mitatu nimelala na hiyo bulo ambayo sijui ni gani.

Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu, mara moja: kati ya Jumanne na Ijumaa, nani aligusa motoka?

Bilkisi


Lubumbashi, 14 Agosti 2024

Bilkisi,

Kwanza jifunze kuandika. Ni maji, si mayi. Ni mtoto, si mutoto. Baba alitulipia shule moja, sijui wewe ulikuwa unaenda kufanya nini.

Pili, sikukutuma kufanya uchunguzi. Kipofu anapapasa chuma, mwanamke anabeba sufuria, halafu mnaniandikia matokeo kama maprofesa. Gari lililokaa miaka mitatu lina kutu. Kutu inaziba. Hata muuza nyanya wa hapo Manika angekuambia, bila kuchemsha chochote.

Ukitaka kujua kilichomuua Baba, angalia thermostat. Wewe ndiye uliyeiweka, mpya, na ukajisifu nayo mezani. Kila dereva kutoka hapa mpaka Kasumbalesa anajua kwamba thermostat ni kitu cha nchi za theluji. Ilikwama, maji yakafungiwa ndani ya motere, ikachemka. Itoe, itupe kwa kuku, ujaze maji, uwashe. Kazi ya asubuhi moja.

Aliyegusa gari ni wewe. Baada yako hakuna aliyegusa. Usiniulize tena.

Mansour


Kolwezi, 25/8/2024

Yaya,

Mayi. Nimeandika tena.

Thermostat yako niliitoa. Niliitundika na uzi ndani ya sufuria, haigusi chini, nikaweka moto. Mayi ilikuwa bado kububujika, ikafungua mudomo wake. Nikaitoa, ikapoa, ikafunga. Nilirudilia mara tano, Mama anashuhudia. Iko muzima. Kazi yake ni kuzuia mayi mpaka motere ipate joto yake, halafu kuiachilia. Ukiitoa, motere inatembea baridi, inakwisha mbele ya wakati, na kama radiateur imeziba itachemka vile vile. Waambie badereva bako ba Kasumbalesa. Na weye ujiambie, juu ulizaliwa mu nyumba ya transporteur wa malori na hujui hiyo.

Culasse, kile kichwa ya motere, tumeifungua. Imepinda, na joint ya kuzibia mayi imekatika kati ya silinda ya pili na ya tatu. Mu hii motere silinda zinakaa ndani ya mayi, zimewekwa tu, ukizungusha ovyo zinasogea na kazi inaanza upya. Tata François alinifungisha zote na vyuma mbele niguse kitu kingine. Culasse iko ku tourneur, yule wa kukereza vyuma, anainyoosha.

Nyuma ya hapo tukafungua radiateur. Nilitoa lehemu ya juu, nikainua kifuniko. Mirija ya katikati imejaa kitu cheusi, kigumu, kimeshikamana kama makoko ya chini ya sufuria. Tata François alisema si kutu, kutu inasagika. Mimi sikujua. Mama alikuwa anapita na beseni ya nguo. Alichovya kidole, akasugua, akanusa.

"Hii ni bukari," akasema.

Akabeba beseni yake, akaenda.

Ugali, Yaya, unga ya mahindi. Mutu alimwaga unga ndani ya radiateur juu ilikuwa inavuja, na motere ikaupika. Halafu niligeuza radiateur chini. Kuna pahali pamebonyea, jiwe lilipiga kutoka chini. Hapo mirija kumi na saba imekunjwa mudomo na kufungwa na lehemu. Kumi na saba zimefungwa, zingine za katikati zimejaa bukari. Ilibakia nini ya kupozea motere yenye kubeba muzee mugonjwa kilometa mia tatu mu jua ya Oktoba?

Ile Jumanne hakukuwa jiwe, hakukuwa lehemu, hakukuwa unga. Uliniambia nisiulize tena. Nauliza tena.

Bilkisi


Lubumbashi, 30 Agosti 2024

Bilkisi,

Nimesoma hadithi yako ya unga. Ungeipeleka redioni wangekupa kipindi.

Unajua unachofanya? Umekaa miaka mitatu unatafuta mtu wa kumtwisha, na sasa umepata kipofu wa kukubali kila unachomwekea mkononi na mama mzee wa kunusa. Uga wetu umejaa watoto wa majirani. Mtu yeyote angeweza kutia unga, mchanga, hata chai. Kuhusu hiyo lehemu, labda ni yako mwenyewe, uliificha, sasa unaigundua.

Imetosha. Jumatatu ijayo lori la dépanneuse litafika hapo. Watalibeba gari kama lilivyo na kulileta huku, kuna garaje yenye mafundi wenye diploma na suruali. Mpe dereva ufunguo. Usimwelezee chochote, hana muda na mimi sina.

Mansour


Kolwezi, 8/9/2024

Yaya,

Dépanneuse yako ilifika Jumatatu saa tatu ya asubuhi. Dereva ni mutu wa heshima.

"Mama, tumetumwa kubeba 404."

"Beba," nikamwambia.

Alizunguka. Alifungua kapo ya motere, akaangalia ndani muda murefu.

"Kichwa ya motere iko wapi?"

"Ku tourneur."

"Na radiateur?"

"Chini ya kitanda ya Mama."

"Na magurudumu?"

"Kwa Tata François, Dilala."

Alikunywa chai, akarudi na gari lake tupu. Sikumuelezea chochote, vile uliomba.

Sasa tuongee. Tata François alipitisha kidole gumba juu ya ile lehemu, musitari kwa musitari. Alisema: "Huyu anamalizia kila musitari na kamukia. Mu Dilala muzima kuna mutu moja tu mwenye kufanya vile." Nikamupakia ku pikipiki, tukaenda kwa Gael, soudeur wa karibu na shule. Nilimuwekea radiateur mbele. Gael hakuikana kazi yake hata dakika moja.

"Hii niliifunga mi," akasema. "Ilikuwa ya kaka yako. Alikuja Alhamisi, jua inaingia. Alikuwa ametoka njia ya Kingamyambo, alienda kuona bachimbaji, anataka kununua mawe yabo ya cobalt. Motoka iliangukia mu shimo yabo."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, hii ni ya kuzungukia mu quartier, hapa hapa mutaani. Haiwezi safari. Tafuta ingine. Ikitoa machozi usiku, tia unga kidogo, lakini usiende nayo mbali. Akasema sawa."

"Asubuhi alimubeba Baba kwenda Lubumbashi."

Gael alikaa chini. Alisema hakujua. Alisikia tu muzee Moussa alikufa, watu banasema ni binti yake aliharibu motere. Alitaka kunirudishia kitu, sijui nini, alikuwa anashika-shika mifuko yake. Nikamwambia anilehemie mirija mupya ndani ya radiateur, na afanye vizuri. Ameifanya vizuri.

Kwa hiyo ulienda kununua mawe, kitu Baba alikukataza mbele yetu sote. Ulivunja radiateur yake. Uliipikia bukari. Na matangani ulisimama na kanzu nyeupe, ukanyoosha kidole kwangu. Nilikuwa nakuogopa, Yaya, unajua? Nilikuona mutu mukubwa. Sasa najaribu kukumbuka niliogopa nini, nakosa.

Sitaki uniambie mi. Mi nimejua. Mama anajua bukari iliingia, hajui ni mukono ya nani, na hajaniuliza. Sitamuambia. Utamuandikia weye, na mukono yako, na Kiswahili yako nzuri.

Bilkisi


Lubumbashi, 27 Septemba 2024

Bilkisi,

Mara mbili nimemrudisha Merdi mikono mitupu. Leo Myriam ameniambia nikiendelea kukaa na kalamu bila kuandika atahamia kwa dada yake. Basi soma, halafu uchome.

Gael amesema kweli. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na bado nilikuwa naomba ufunguo wa malori kwa Baba. Nilitaka kitu changu. Wachimbaji wa kule walinionyesha mawe, nikageuza gari bila kuangalia, pua yake ikazama shimoni. Gael alifunga. Uliposwali alfajiri mimi nilikuwa uani na bakuli la unga, kwa sababu lilikuwa bado linadondoka.

Hili hujui. Baba alitoka kutawadha, akaniona. Aliona unga kwenye kapo.

"Inavuja?" akauliza.

"Kidogo. Imefungwa."

Aliangalia dirisha lako. Akasema, "Usimwambie Bilkisi. Atatukatalia safari, na daktari ananingoja leo." Akaufuta ule unga kwa taulo lake mwenyewe.

Ndiyo. Baba yako mpenzi, aliyekukalisha karibu na motere tangu ukiwa mdogo, alijua. Alinifichia siri mimi, akakuficha wewe, akapanda. Sasa mdharau na yeye pia, uone kama ni rahisi.

Mshale ulianza kupanda kabla ya Fungurume. Niliuona. Palikuwa na watu, palikuwa na maji, pangekuwa na gari la kutuchukua. Sikusimama. Kusimama kulikuwa kukubali. Nilijiambia tukifika mteremko utashuka. Baba alikuwa amefumba macho, sijui kama alikuwa anaona. Ulipofika mwisho nilikuwa nimepita kila mtu, kukawa na majani tu na malori yasiyosimama. Baada ya saa mbili aliniuliza kama umeshapigiwa simu. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekupigia.

Matangani waliniuliza ni nani aliyegusa motere. Nikataja jina lako. Haikuwa uongo, uliigusa. Kisha ulinyamaza, na nikaona itasimama hivyo. Nilikuchukia kwa kunyamaza. Mtu mwenye akili angebisha.

Kwa Mama sitaandika. Ana miaka sabini na minne. Mtengenezee Monsieur gari lake, tuliuze, tumalize. Chako ni karatasi hii, na hata hiyo ichome.

Mansour


Lubumbashi, mbele ya geti yako, 19/10/2024

Yaya Mansour,

Hii karatasi inapita chini ya geti juu mulinzi wako anasema haupo, na kivuli yako tunaiona ku dirisha.

Barua yako sikuichoma. Ulisema hutamuandikia Mama, basi nilimupa ile uliyoandika tayari. Alivaa miwani, akasoma yote, akairudilia. Siku tatu alitembea nayo ndani ya kitenge. Ya nne aliniuliza kama motoka inaweza kufika Lubumbashi. Nilimwambia inaweza.

Imefika. Mama iko mbele, amekaa pahali Baba alikuwa amekaa. Motere sijaizima. Jua iko juu ya kichwa na hatutembei, lakini inaweza kuunguruma hapa mpaka magaribi bila kuchemka. Mi pia niko na muda.

Toka.

Bilkisi


Lubumbashi, 21/10/2024

Tata François,

Bibi yako, Mama Godelieve, atakusomea hii. Umwambie asiruke pahali.

Motoka ilitembea vizuri. Nilikuwa nasimama kila saa moja vile uliniagiza, nagusa mipira, nasikiliza pampu. Ventilateur inajishika yenyewe kupoza radiateur tukipanda mulima na inajiachilia tukishuka, mushale haukutoka katikati. Nyuma ya Fungurume Mama akasema, "Simama hapa." Sijui alijua aje pahali, hakuna alama, ni majani tu na vumbi ya malori. Alishuka. Nilifikiri atalia. Aliangalia barabara upande huu, akaangalia upande ule, akasema, "Iko karibu sana na batu." Kweli, Tata. Nyuma ya kona tu unaona mabati ya nyumba. Mansour angetembea na miguu dakika makumi mbili, angepata musaada. Mama akapanda, akafunga mulango, tukaenda.

Kwa Mansour tulingoja karibu saa moja. Alitoka na kandambili, shati haijafungwa vizuri, Myriam anamufuata nyuma. Alikuwa na maneno mengi, niliyaona mudomoni. Mama hakushuka na hakumusalimia. Alisema tu, "Panda nyuma." Mutu wa miaka arobaini na tano, na tumbo yake, alikunja magoti akaingia nyuma kama mutoto wa shule. Njia yote ku kioo naona kichwa yake inaangalia miguu.

Mama alikuwa ametuma habari mbele. Kwa Baba mudogo Abibu walikuwa watu kumi na tano, wale wale wa matanga. Mansour alisimama katikati ya salon ya nyumba. Alianza na Kifaransa. Mama akasema, "Sema lugha ya baba yako." Akasema, lakini sauti yake ilikuwa chini sana. Unajua Baba mudogo masikio yake ni mabovu. Aliweka mukono ku sikio.

"Sisikii. Rudilia."

Akarudilia. Alisema radiateur ilikuwa na shida kidogo mbele ya safari.

"Shida gani? Nani aliitia? Sema nguvu."

Mara ya tatu alisema yote. Kingamyambo, Gael, unga, mushale, simu ambayo hakupiga. Alisema nguvu mpaka fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara aliacha nyundo yake. Hakusema kama Baba alimuona na bakuli. Nilingoja atalisema, ndiyo ilikuwa silaha yake ya mwisho. Alimuangalia Mama, akaimeza. Mama na mi tunajua, na weye na Mama Godelieve sasa munajua, itabakia kwetu. Hicho ni kitu kimoja alifanya vizuri, nakiandika hapa juu sitaki kuwa kama yeye.

Ulinambia siku moja kwamba ukweli ikitoka nitalala vizuri. Sijui, Tata. Nilikuwa nimejitayarisha kumudharau mbele ya watu, nilikuwa na maneno toka miaka tatu. Nilipomuona pale na jasho ku shingo, nikaona hata dharau ni kazi, na mikono yangu imechoka. Sikumuhurumia. Sikumusamehe. Nilimuangalia tu kama kitu cha kutoa ndani ya motere na kuweka pembeni. Kwa Baba ndiyo sijui nifanye nini. Aliogopa nitamukatalia safari. Ni kweli, ningekataa. Angenichukia siku moja, halafu tungepata motoka ingine. Nalia juu ya hiyo tu, na nalilia bafuni.

Yule Monsieur alikuja jana. Alizunguka 404 mara tatu, akasema ni nzuri sana. Mama akamwambia haiuzwi, akamupa chai.

Kitu cha mwisho. Kutoka matanga, Baba mudogo Abibu hajataja jina langu. Nikija, alikuwa anauliza wengine, "Ule amekula?" Juzi, watu walipoanza kuondoka, wengine wananishika mukono na kuangalia pembeni, yeye alibaki ku kiti. Hakuomba musamaha. Wazee wetu hawana hiyo neno. Alikohoa, akapangusa miwani, akasema:

"Bilkisi. Mercedes yangu inachemka. Bafundi ba hapa bamenishinda."

Hata Mansour aliinua kichwa. Nilitaka kumwambia atafute mutu mwenye diploma na suruali. Neno ilifika mpaka kwa meno. Lakini nilisikia sauti yangu inauliza kitu ingine, Tata, ile ya kwanza unauliza kila mutu.

"Inachemka ikisimama ao ikitembea?"

Alifikiri.

"Ikisimama."

Nikavua pete, nikamupa Mama ashike, nikamwambia Baba mudogo afungue kapo.

Binti yako,
Bilkisi Moussa